Michael West na hesabu ya wanaoacha shule

Katika idara yetu ya Kiingereza jina la Michael West hutajwa mara moja tu, katika somo la didaktiki, pale mhadhiri anapofika kwenye orodha ya maneno 2,000. Tunalinakili, tunalikariri kwa ajili ya mtihani, halafu linapita. Mimi nilitaka kujua ni mtu gani huyo aliyekaa akahesabu maneno ya lugha yake mwenyewe kama mfanyabiashara anayehesabu magunia ya unga. Nilipofuatilia maisha yake niligundua kwamba, kabla ya kuhesabu maneno, alianza kwa kuhesabu watoto, hasa watoto wanaoondoka shuleni kabla ya kumaliza. Ndiyo sababu nimeona afaa kusimuliwa katika jarida la wanafunzi wa lugha wa Kongo, nchi ambayo kila mmoja wetu anaweza kutaja majina ya wenzake wa darasa la kwanza ambao hawakufika hapa.

Michael Philip West alizaliwa Uingereza mwaka 1888, akasoma Oxford, na mwaka 1912 akaingia katika Idara ya Elimu ya India, yaani utumishi wa serikali ya kikoloni. Alipelekwa Bengal. Wakati huo Kiingereza kilikuwa kimekwisha kutawala elimu ya juu ya India tangu uamuzi wa 1835, ule ulioamrisha fedha za serikali zitumike kufundisha kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Calcutta, kilichoanzishwa 1857, ndicho kilichotunga mtihani wa kuingilia masomo ya juu, na mtihani huo uliamua kila kilichofundishwa chini yake, hadi katika shule za vijijini. Mwanafunzi asiyejua Kiingereza hakuwa na njia. Wakati huohuo Kibengali hakikuwa lugha maskini hata kidogo: mwaka 1913, mwaka mmoja tu baada ya West kufika, Rabindranath Tagore alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Kwa hiyo West hakukuta watu wasio na lugha yao. Alikuta watu wenye lugha nzito na fasihi hai, ambao watoto wao walikuwa wanatumia miaka mingi ya utoto kujifunza lugha ya pili.

Alifundisha walimu na kukagua shule. Kuanzia 1920 alikuwa mkuu wa Chuo cha Ualimu cha Dacca, mji tunaouita leo Dhaka, makao makuu ya Bangladesh. Na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Dacca kikafunguliwa katika mji huohuo. Nadhani ukaguzi ulimfaa kuliko vitabu. Mwalimu anayefundisha shule moja huona darasa lake tu, lakini mkaguzi huona darasa lilelile likirudiwa mara mia: benchi zilezile zilizojaa, kitabu kilekile, na kadiri anavyopanda madarasa ya juu, nafasi zaidi kwenye benchi. Watoto wengi walianza Kiingereza, wachache wakamaliza. Mwaka 1923 mkutano wa elimu wa milki ya Uingereza ulitaka suala la watu wa lugha mbili lifanyiwe utafiti. West akalichukua kwa Bengal, na mwaka 1926 kikatoka kitabu chake kikubwa, Bilingualism.

Humo ndimo lilimo wazo ambalo, kwa maoni yangu, linapita yote aliyoandika baadaye. Alilichukua kutoka kwenye bima ya maisha. Mtu aliyelipa bima kwa miaka kadhaa akiamua kuvunja mkataba kabla ya wakati, kampuni humrudishia kiasi fulani. Kiasi hicho ndicho thamani ya mkataba uliovunjwa. West akauliza: na mtoto anayevunja mkataba wake na shule baada ya mwaka wa pili, au wa tatu, anarudishiwa nini? Sisi tungeweza kulieleza kwa likelemba. Ukitoka katikati ya mzunguko kabla ya zamu yako, unataka kujua kama utarudishiwa ulichokwisha kutoa. Kuna masomo yanayorudisha kidogo kidogo. Mtoto aliyejifunza hesabu kwa miaka miwili anajua kujumlisha na kutoa, na hilo litamsaidia sokoni maisha yake yote hata asipoona aljebra. Lakini Kiingereza jinsi kilivyofundishwa Bengal hakikurudisha kitu. Miaka ya mwanzo ilikuwa maandalizi ya miaka ya mwisho: matamshi, sarufi, mashairi ya kukariri, tafsiri. Aliyefika mwisho alivuna. Aliyetoka njiani, naye ndiye aliyekuwa wengi, alikuwa amemlipia mwenzake.

Hapo ndipo ninapomwona West akitengana na wataalamu wa mbinu wa wakati wake. Wao walianza na lugha: sauti zake, muundo wake, mpangilio unaofaa kuifundisha. Yeye alianza na mambo yaliyo nje ya lugha ambayo huamua kama somo litafaulu au halitafaulu: mtoto atakaa miaka mingapi, darasa lina watu wangapi, mwalimu mwenyewe anaongea Kiingereza kwa kiwango gani, kuna vitabu au hakuna, na huko nje mtoto atakitumia Kiingereza kwa kazi gani. Alipoyaweka yote hayo mezani, jibu lake kwa Bengal lilikuwa kusoma. Si kuongea kwanza, wala kuandika kwanza. Kusoma kimya, kwa kuelewa.

Sababu zake zilikuwa za kihesabu. Nilipofanya stage katika mwaka wa nne wa shule moja ya sekondari, darasa langu lilikuwa na wanafunzi 68 na kipindi kilikuwa cha dakika 50. Sekunde 3,000 ukizigawa kwa 68, kila mmoja anapata sekunde 44 za kuongea, mradi mwalimu asifungue kinywa kabisa. Mwalimu akichukua nusu ya muda, zinabaki 22. Katika somo la kusoma kimya hakuna mgao wa namna hiyo: wote 68 wanafanya kazi dakika zote. Tena mwalimu mwenye matamshi mabaya hawezi kuharibu usomaji wa kimya kama anavyoharibu mazungumzo. Na mtoto anayeweza kusoma kitabu chepesi anaweza kuendelea peke yake baada ya kuacha shule, jambo ambalo ni gumu kwa anayejua kuongea tu na hana wa kuongea naye. Kijiji cha Bengal hakikuwa na Waingereza wa kuzungumza nao. Vitabu viliweza kufika.

Lakini vitabu vipi? West alivichunguza vile vilivyokuwa vikitumika akaona kasoro mbili. Ya kwanza, maneno mapya yalijazana. Mtoto aliingia katika sentensi akakutana na neno asilolijua, hajapumua akakutana na jingine, na jingine. Kusoma kukawa kufumbua mafumbo. Ya pili, maneno yenyewe hayakuwa na faida. Hadithi zilikuwa za kale, zimejaa msamiati ambao hata Mwingereza wa siku hizo hakuutumia, na mtoto aliyeacha shule mwaka wa pili aliondoka na maneno ya mashujaa na viumbe vya ngano lakini hana neno la kawaida la kazi au la nyumbani. Mwaka 1921 Mmarekani Edward Thorndike alikuwa ametoa orodha ya maneno 10,000 yaliyopangwa kwa kufuata jinsi yanavyotokea mara nyingi katika maandishi. Orodha hiyo ilitungwa kwa ajili ya walimu wa Marekani, lakini West aliona kazi nyingine ndani yake. Aliandika upya masimulizi akiondoa neno la nadra na kuweka la kawaida, na akayatawanya maneno mapya ili mtoto asome karibu maneno 50 anayoyajua kabla ya kukutana na geni moja. Kisha neno geni hilo alilirudia, mara nyingine na mara nyingine, mpaka likawa la nyumbani. Vitabu hivyo, New Method Readers, vilianza kuchapishwa na Longmans katika miaka ya 1920 na vikaenea katika nchi nyingi za Asia na Afrika.

Kuna jambo jingine dogo ndani ya vitabu hivyo ambalo nalipenda. Maswali aliyaweka kabla ya hadithi badala ya kuyaweka baada yake. Sisi tumezoea kusoma kwanza na kuulizwa baadaye, na mara nyingi swali hugeuka mtego wa kumnasa asiyesikiliza. Kwa West swali lilikuwa sababu ya kusoma: mtoto anajua anatafuta nini, anapita katika ukurasa kama mtu anayemtafuta mwenziwe sokoni. Walimu wengi wa leo wanaoandaa fishi ya somo yenye maswali ya utangulizi wanamfuata bila kujua.

Baada ya kustaafu utumishi wa India mwaka 1932, West alifanya kazi Toronto, Kanada, na miaka hiyo ikawa ya mabishano. Charles Kay Ogden alikuwa ametangaza Basic English, Kiingereza cha maneno 850 chenye vitenzi chini ya 20. Wengi walishangilia. West na wenzake wa Toronto wakatoa uchambuzi mkali mwaka 1934. Hoja yao moja ni rahisi kwa sisi tunaofundisha kuielewa: ukipunguza vitenzi mno, vile vichache vinavyobaki hubebeshwa mzigo wote, na mwanafunzi badala ya kujifunza kitenzi kimoja wazi analazimika kukariri vifungu kama put up with na get over, ambavyo maana zake hazionekani katika maneno yake. Hesabu ya maneno inakuwa ndogo, lakini ugumu uko palepale, umefichwa tu. Katika jambo hili sina shaka kwamba West ndiye aliyesema kweli.

Harold Palmer alikuwa mpinzani wa namna nyingine. Alikuwa mshauri wa ufundishaji wa Kiingereza huko Tokyo tangu 1922, na yeye aliamini masikio na kinywa vitangulie. Wawili hao wangeweza kubishana bila mwisho juu ya kuongea na kusoma. Hata hivyo Oktoba 1934, kwa fedha za shirika la Carnegie, walikutana New York pamoja na Lawrence Faucett na Thorndike kutafuta msamiati wa msingi ambao wote wangekubaliana nao. Ripoti ikatoka 1936. Vita vikaikatiza kazi, na ni mwaka 1953 tu ndipo West alipochapisha orodha kamili, A General Service List of English Words, ile tunayoitaja darasani. Uzuri wake hauko katika idadi ya maneno 2,000. Uko katika kwamba kila neno limepasuliwa katika maana zake, na kila maana imepewa asilimia yake, kwa hesabu iliyofanywa juu ya maandishi ya maneno milioni 5. Mwalimu anayejua kwamba maana fulani ya neno ni ya nadra anaweza kuiacha na kushughulikia ile inayotokea kila siku. Anayefungua kamusi na kufundisha maana zote sita kwa mpigo anapoteza muda wa watoto, na wengine kati yao, kama tulivyoona, hawana muda mrefu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wasifu mwingi wa wataalamu hulikwepa. West alikuwa afisa wa kikoloni, na yeye ndiye aliyeamua Mbengali anahitaji nini. Kusema kwamba kijana wa Bengal anahitaji kusoma Kiingereza kuliko kukiongea ni uchunguzi wa hali halisi, lakini pia kunaweza kusikika kama kumpangia mtu asikilize asijibu. Anayesoma hupokea elimu ya wengine. Anayeongea hubishana, hudai, hushtaki. Katika Bengal ya miaka ya 1920, iliyokuwa imechemka kwa siasa ya uhuru, tofauti hiyo haikuwa ndogo, na sioni katika hesabu zake safu yoyote ya kuipima. Kwa upande mwingine, haki ni haki: hakutaka Kibengali kiondoke. Alikiona Kiingereza kama lugha ya pili ya kupatia maarifa ya sayansi na ya dunia, nafasi ya lugha ya mama ikibaki palepale.

Kwa hiyo nalichukua swali la West na kuliacha jibu lake. Tukilileta swali hilo Katanga linatoa kitu kingine. Mtoto wa Lubumbashi ana Kiswahili mtaani, Kifaransa shuleni, na mara nyingi lugha ya kabila nyumbani. Kwake Kiingereza si lugha ya pili bali ya tatu au ya nne. Maarifa ya vitabuni anayapata kwa Kifaransa. Kiingereza anakikutia wapi? Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa madereva wa malori na mawakala wa forodha. Katika makampuni ya madini. Na tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, katika karatasi na mikutano ya jumuiya hiyo. Huko kote mdomo unatangulia. Kwa hiyo mtoto wetu akiacha shule mwaka wa nne kwa sababu minervali imeshindikana, thamani ya mkataba wake uliovunjwa ingepimwa kwa kama anaweza kutaja bei, kuuliza njia, kuelewa dereva na kujibu. Badala yake darasa linaandaliwa kwa ajili ya Exetat, mtihani wa kuchagua jibu, ambao hausikii sauti ya mtu yeyote. Aliyetoka mwaka wa nne anaondoka na safu ya vitenzi visivyofuata kanuni. Mtihani wa Calcutta ulifanya hivyohivyo kwa Wabengali.

Na kuna kikwazo ambacho jibu la West halivuki: kusoma kimya kunahitaji kitabu mikononi mwa mtoto. Katika lile darasa langu la wanafunzi 68 kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, na dakika 25 zimekwenda kabla mtu hajasoma chochote.

West mwenyewe, nadhani, alilijua hilo zaidi baadaye. Mwaka 1960, mwaka uleule wa uhuru wetu, mzee mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, alitoa kitabu kidogo, Teaching English in Difficult Circumstances. Humo darasa si la mfano. Lina watoto zaidi ya 30, mara nyingi 40 au 50, wamebanana kwenye benchi, hawalingani kiwango, joto limewachosha, na mwalimu wao labda haongei Kiingereza vizuri. Hamwambii mwalimu huyo asubiri darasa zuri zaidi. Anampa kazi za kufanya kesho asubuhi.

Mojawapo niliijaribu katika stage. Wanafunzi wanakaa wawili wawili wakiwa na mazungumzo mafupi mbele yao. Inatosha yawe yamenakiliwa katika daftari. Mmoja anatazama kifungu, anakishika kichwani, anainua macho, halafu anamwambia mwenzake. Hairuhusiwi kuongea macho yakiwa kwenye karatasi. Mwenzake anafanya vilevile na jibu lake. Ni jambo dogo, lakini ule muda mfupi kati ya kutazama na kusema, mtoto hawezi tena kutamka maneno kama kasuku. Lazima ayabebe yote pamoja, na ili ayabebe lazima yawe na maana. Siku ya kwanza kulikuwa na kelele kiasi kwamba mkuu wa masomo alikuja kuchungulia mlangoni. Wiki ya tatu, watoto 68 waliongea kwa robo saa, jozi 34 kwa wakati mmoja, na zile sekunde 44 za hesabu yangu ya mwanzo zikawa dakika saba na nusu kwa kila mmoja. Mbinu hiyo inaunganisha kusoma na kuongea, na ilitoka kwa mtu aliyedai miaka 34 kabla kwamba kusoma kutangulie.

West alifariki mwaka 1973. Mwaka 1935 alikuwa ametoa pamoja na James Endicott kamusi iliyoeleza maneno na nahau 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu ya maelezo, ili mwanafunzi asitafute neno moja akaangukia mengine matatu asiyoyajua. Miaka mitano baada ya kifo chake, Longman ilitoa Longman Dictionary of Contemporary English, ambayo fasili zake zimeandikwa kwa maneno 2,000 yaliyochukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka orodha yake ya 1953. Orodha hiyo leo imezeeka, na mwaka 2013 wengine walitunga mpya kwa hesabu za kompyuta. Orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead ya mwaka 2000, ambayo wenzangu wengi wanaitumia katika kazi zao za mwisho, ilijengwa kwa kuanzia pale ya West ilipoishia: aliondoa kwanza yale maneno 2,000, kisha akatafuta yanayobaki katika maandishi ya vyuo vikuu.